Saa Iliyolala Juu ya Åland

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Leo nimesema uongo. Si mkubwa. Una upana wa saa nzima tu.

Joakim alipiga simu kutoka Stockholm baada ya chakula cha mchana. Hii ni wiki ya tatu tangu ahamie huko kwa kazi ya kuchora meli. Sauti yake ilikuwa imechoka. Alisema hataki mapenzi ya uwanja wa ndege. Hataki kukumbatiana katikati ya masanduku ya watu, wala kulia kila Jumapili mbele ya askari wa ukaguzi. Anataka maisha ya kawaida. Ijumaa, sauna, soseji, kimya. Kama yalivyokuwa. Akauliza kama hayo bado yanawezekana, au tuachane tungali tunapendana.

Tuachane! Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi.

Nikasema Stockholm si mbali. Akauliza si mbali kivipi. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yangu, kwenye ratiba ya ndege, kwa sababu siku hizi nasoma ratiba za ndege kama wengine wanavyosoma Biblia. Na hapo nikaiona. Ndege inaondoka Helsinki saa kumi na moja jioni. Inafika Stockholm saa kumi na moja jioni. Dakika ileile! Nikamsomea kwa sauti ya ushindi. Haichukui muda wowote, nikamwambia. Unapepesa macho, umefika.

Akanyamaza. Joakim ana vimya vya aina nyingi na mimi ninavijua karibu vyote. Hiki sikukitambua.

Kisha akasema haya, Ijumaa atajaribu. Atatoka kazini, atapanda ndege ya saa kumi na moja, na tutaingia kwenye mvuke wa sauna ya jengo saa moja usiku, zamu yetu, kama siku zote. Ikiwa jambo lenyewe ni la kawaida, tunaendelea. Ikiwa ni safari, atachukua taulo lake.

Taulo lake la buluu bado linaning'inia kwenye ndoano yetu, chini kabisa ya jengo, katika chumba cha kuvulia nguo. Huwa nashuka kuliangalia. Si kila siku.

Baada ya kukata simu nikatazama ratiba ya upande wa pili, Stockholm kuja Helsinki. Inaondoka saa kumi na moja jioni. Inafika saa moja usiku.

Bila shaka. Saa zetu ziko mbele ya saa za Sweden kwa saa moja, na ndege yenyewe inaruka saa moja. Ukienda huko unazawadiwa saa nzima. Ukirudi unaitoa. Nina shahada ya jiografia. Nafanya kazi katika maktaba ya ramani. Jambo hili nililijua nikiwa na miaka saba.

Ningeweza kumpigia tena na kusahihisha. Nilikunywa kahawa badala yake.

Jumatatu, tarehe 11 Novemba

Ukungu. Nimekwenda kazini kwa tramu ambayo ilikuwa taa mbili tu na kengele.

Maktabani hapakuwa na msomaji hata mmoja. Nikachukua uzi mwekundu na kuunyoosha juu ya tufe kubwa la dunia, kutoka Helsinki hadi Stockholm. Uzi wenyewe haukutosha kushonea kifungo cha shati. Karibu kilomita mia nne, lakini juu ya tufe ni ukucha wa kidole gumba. Nikauweka uzi kwenye kiganja. Huu ndio umbali baina yangu na yeye. Ukiupuliza, unaruka.

Nimewaza sana kuhusu ile saa. Watu wa Helsinki wanaopanda ndege kwenda Stockholm wanaipokea, wale wanaorudi wanaiacha. Basi inakaa wapi katikati? Nadhani inalala juu ya visiwa vya Åland, vilivyo katikati ya bahari, kama wingu jepesi lisilonyesha. Ndege zinapita ndani yake. Abiria wanakunywa kahawa na hawahisi kitu. Mmoja labda anahisi. Anaacha kutafuna.

Nimekula kipande cha mwisho cha mkate mweusi ambao mama yake Joakim hutuletea kutoka huko Åland, alikozaliwa Joakim. Mtamu na mzito. Nikakitafuna polepole nikiwaza ile saa. Sikuwaza kingine chochote. Baadaye nilihisi kwamba kuna jambo nilipaswa kuliwaza, likanitoka.

Sasa, mpango. Joakim atatua saa moja usiku. Treni ya mjini, kutembea kutoka kituoni, ngazi: atafika nyumbani saa mbili. Zamu yetu inaanza saa moja na kwisha saa mbili. Atafika wakati ule ule sisi tunapaswa kutoka. Kwa hiyo nahitaji zamu inayofuata, ile ya saa mbili.

Zamu hiyo ni ya Bi Tyyne Hyvärinen wa ghorofa ya kwanza.

Mungu wangu.

Ameishika tangu mumewe, marehemu Toivo, angali hai. Katika jengo letu mtu huachana na mume, na dini, na hata chama cha siasa, lakini zamu ya sauna ya Ijumaa haachani nayo. Inangojewa miaka. Tena mimi na Bi Hyvärinen hatuna maelewano tangu majira ya kuchipua, majani ya fagio langu la kujipigia saunani, la matawi ya mti wa mbirchi, yalipoziba mtaro wa maji. Hakunigombeza. Aliyaokota moja moja, akayapanga kwenye kizingiti changu.

Jioni nikanunua tiketi ya Joakim mwenyewe, ili asihangaike. Nikaupiga picha upande wa kuondokea. Upande wa kufikia nikaukata. Nikamtumia. Alijibu maneno matatu: picha imekatwa vizuri.

Anapenda kazi safi. Ndiyo maana nampenda.

Jumanne, tarehe 12 Novemba

Mpango wa kwanza: skonzi za mdalasini.

Nilizioka asubuhi kabla ya kazi. Nyumba nzima ilinukia. Nilijiona kama mwanamke wa kwenye tangazo. Nikapanga sita kwenye sahani ya bibi yangu, nikashuka, nikabisha kwa Bi Hyvärinen. Hotuba niliiandaa: kwanza hali ya hewa, pili afya yake, tatu upweke wa Novemba, nne, kwa wepesi, kana kwamba limenijia hapohapo, suala la kubadilishana zamu mara moja tu.

Alifungua mlango kwa upana wa sahani. Hasa kwa upana wa sahani. Nikasema ukungu umekuwa mzito. Akasema anauona. Akapokea sahani, akasema asante mwanangu, akafunga.

Nilisimama pale. Nikabisha tena. Sauti yake ikatoka ndani kwamba sahani ataileta ikishakwisha.

Skonzi sita! Yuko peke yake! Zitamchukua hadi Jumapili.

Usiku Joakim aliandika kwamba Stockholm nako kuna ukungu. Nikafurahi kupita kiasi. Ukungu mmoja umetufunika wote wawili. Nikamwandikia kwamba sasa tumo chumba kimoja ila hatuonani. Akaandika kwamba ni chumba kikubwa. Nikaandika si kikubwa hivyo.

Jumatano, tarehe 13 Novemba

Mpango wa pili: siasa.

Nimekwenda kwa Mzee Pakarinen, mwenyekiti wa kamati ya jengo, mstaafu wa reli, mtu anayependa utaratibu kama wengine wanavyopenda paka. Sikumtaja Joakim. Nilimweleza kwamba, kwa uchunguzi wangu, sauna yetu ingetumia umeme kidogo zaidi kama zamu zote za Ijumaa zingesogezwa mbele kwa saa nzima. Nikataja baridi ya kuta. Nikataja tabia ya mawe ya moto yanayotoa mvuke. Nilikuwa na mchoro.

Macho ya mzee yaling'aa. Akasema miaka yote amengoja kijana wa jengo hili alete hoja yenye mchoro. Akanipa kahawa. Akanipa ya pili. Akasema binti Vilja, hili ni jambo kubwa, huwezi kulifanya kienyeji, hili linapelekwa kwenye mkutano mkuu.

Nikauliza mkutano mkuu ni lini.

Akasema Machi.

Akaniomba niuandae mchoro kwa rangi. Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali.

Nikiwa natoka akanikumbusha, kwa sauti ya upole, kwamba Bi Hyvärinen amekuwa akiulizia zamu ya saa moja ya Ijumaa tangu majira ya kuchipua, ili apate saa mbili mfululizo, kwani mifupa yake inahitaji. Kamati imemjibu kwamba ina mwenyewe. Lakini zamu ikikaa bila kutumika, kamati itabidi ifikirie.

Kumbe! Yeye ndiye anayeniwinda mimi. Na skonzi zangu amekula.

Nilishuka chini kuliangalia taulo. Chumba cha kuvulia nguo kina harufu ya mti mkavu na sabuni ya lami. Nikakaa kwenye benchi gizani. Juu ya mlango kuna saa ya ukutani, ya duara, kuukuu. Inagonga kwa sauti kama mtu anayekula karanga. Nikaisikiliza muda mrefu. Nikafikiri: watu wote wa jengo hili wakiwa humu ndani, hawana simu, hawana nguo, hawana dirisha. Wana saa hii tu. Inayosema hii ndiyo kweli.

Nikalala kwa amani.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba

Mpango wa tatu! Jioni, kabla mtu yeyote hajashuka, nilipanda juu ya benchi na kuirudisha ile saa nyuma kwa saa nzima. Kwa majaribio tu. Kisha nikashuka benchi, nikasimama katikati ya chumba bila kupumua.

Nilikuwa Sweden.

Siwezi kueleza vizuri. Vigae vilikuwa vilevile, mabeseni yaleyale, lakini saa ilikuwa ya Stockholm, na kwa hiyo Joakim alikuwa na saa hiyohiyo mkononi. Pengine alikuwa anavua koti. Nikagusa taulo. Ile saa inayolala juu ya Åland nilikuwa nimeiteremsha kwa mikono yangu miwili na kuiingiza ndani ya jengo letu, chini kabisa, karibu na chumba cha baiskeli. Kama ningetoka mlangoni wakati ule ningetokea mtaani kwake.

Nilitoka mlangoni. Nilitokea kwenye baiskeli.

Halafu kelele. Nilikuwa nimesahau kwamba Alhamisi ni zamu ya Mzee Pakarinen, na baada yake ni wale vijana wa chuo wa ghorofa ya nne. Mzee aliingia, akaitazama saa, akakaa kwa raha. Muda wake ukaisha, hakutoka. Vijana wakagonga. Nilisikia yote nikiwa ngazini na kapu la nguo chafu, tupu.

Walimwambia mzee, zamu yetu hii. Akawajibu kutoka ndani kwamba zamu yenu ipi, someni ukutani. Mmoja akasema simu yake inasema saa moja na robo. Mzee akamwambia basi kaoge na simu yako. Mwingine akasema Mzee, utaiva humo, tutakula wewe badala ya soseji. Mzee akatoka amejifunga taulo, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, akaanza kuwahutubia kuhusu utaratibu, maji yakimtiririka hadi kwenye ngazi. Mke wake akashuka na saa ya mkononi, akamwonyesha.

Mzee akaiangalia. Akaangalia ukutani. Alizeeka mbele ya macho yetu.

Kisha akatangaza kwamba ni betri. Akapanda kuchukua betri mpya, akaibadilisha, akaipeleka saa mbele, na kubandika karatasi mlangoni: SAA IMETENGENEZWA. Sweden ikatoweka.

Niliona haya kidogo. Lakini majaribio yamefaulu! Mtu mwenye utaratibu kuliko wote katika jengo hili ameamini ukuta.

Kesho, basi. Bi Hyvärinen atashuka saa mbili, ataona saa moja, atarudi juu kungoja. Joakim atafika saa mbili, ataona saa moja, atasema: kumbe kweli si mbali. Saa moja ya ukutani, watu wawili, tatizo limekwisha.

Nimejikagua kama nimesahau kitu. Sijasahau.

Ijumaa, tarehe 15 Novemba

Naandika na nywele mbichi. Nitaandika kwa mpangilio.

Ukungu umeondoka alfajiri. Anga tupu, safi. Ndege zote zilikuwa zinaruka. Nilishuka mapema, nikapanda benchi, nikairudisha saa nyuma. Zamu yangu ilipoingia nikaingia sauna peke yangu. Nikakaa benchi la juu. Nikayamwagia mawe maji kidogo, kidogo sana, ili mvuke ubaki wa kutosha kwa watu wawili. Nikafumba macho. Nikamwona ndani ya ndege, dirishani, anapita juu ya visiwa vya kwao. Huko chini taa chache. Anapita ndani ya ile saa. Anaacha kutafuna.

Nilikaa hivyo hadi masikio yakaanza kuimba.

Mlango ukafunguliwa. Bi Hyvärinen, na ndoo yake, na kofia yake ya sufu ya kuogea, bila kingine chochote. Nikaruka. Nikamwambia kwamba nadhani amewahi, kwa saa ya ukutani bado ni zamu yangu.

Hakugeuka hata kuitazama. Alisema hashuki kwa saa. Anashuka taarifa ya habari inapokwisha, yule mtangazaji wa hali ya hewa akishasema usiku mwema. Kisha akapanda benchi, akakaa kando yangu, na kuyamwagia mawe kata nzima ya maji. Mvuke ulinikamata masikio.

"Saa ile aliitundika Toivo wangu," akasema. "Imewahi kusimama. Haijawahi kurudi nyuma. Sema, mtoto wewe."

Sijui ni joto au ni nini. Kwenye sauna mtu hawezi kudanganya vizuri, hana pa kuweka mikono. Nikamwambia yote. Ratiba, tiketi, picha iliyokatwa, taulo. Nikamwambia kwamba saa yake ya ukutani, kwa sasa, iko Stockholm.

Akawaza kidogo. Akasema Toivo hakuwahi kufika huko, alikuwa anaogopa meli. Basi angalau saa yake imefika.

Nikamwambia kwamba labda ningemwomba tu zamu. Akasema hapana, afadhali sikumwomba, maana angekataa. Hata sasa anakataa. Zamu ni yake. "Lakini kukaa, kaa. Mvuke hauliwi na mtu mmoja."

Hapo ngazi zikalia. Nazijua nyayo zile. Mlango wa chumba cha kuvulia nguo ukafunguliwa na sauti ikauliza kama Vilja yumo. Kabla sijafungua mdomo Bi Hyvärinen alimjibu kwamba zamu hii ni ya wanawake, akae hukohuko na viatu vyake.

"Habari za jioni, Bi Hyvärinen."

"Za mvuke."

Tukasikia anakaa kwenye benchi. Mbao tu kati yetu. Kisha kimya. Kimya kilekile cha Jumapili! Kisha akasema, taratibu, kwamba anaona saa ya huku ni sawasawa na saa ya mkononi mwake, ambayo hajaigusa tangu Stockholm.

Nikasema kwa sauti nyembamba kwamba si unaona, hakuna umbali wowote.

"Vilja," akasema. "Mimi ni mtoto wa Åland. Jikoni kwetu kulikuwa na saa mbili, ya kwetu na ya Sweden, kwa sababu baba alikuwa mpishi wa meli na mama alitaka kujua anakula saa ngapi. Nilijua ile saa kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Na wewe unaniuzia mimi!"

Mkate mweusi! Nilikuwa ninautafuna Jumatatu! Ndicho nilichopaswa kukiwaza!

Bi Hyvärinen alikuwa anatikisika. Nilidhani moyo. Alikuwa anacheka.

Joakim akaendelea. Alisema alijua tangu Jumapili. Alipopata picha ya tiketi iliyokatwa, aliitazama kwa muda mrefu kazini kwake. Alitaka kuona nitafanya nini kuhusu saa iliyobaki. Hakufikiri ningefika hadi ukutani. Na njia nzima alikuwa anangoja neno moja tu. Ametoka ofisini anakimbia, amesimama kwenye foleni amevua mkanda, amekalia kiti cha katikati baina ya watu wawili waliolala, amekosa treni ya kwanza. Ni mbali, akasema. Wiki tatu hizi anahisi ni mbali, na mtu pekee anayeweza kuhisi pamoja naye anamwambia kila siku kwamba si mbali. Basi yuko huko peke yake, na umbali wake, kama mwehu.

Kisha nikasikia ndoano ikilia. Ndoano yetu hulia ukitoa kitu.

Alikuwa amelitoa taulo.

Nilitazama mawe. Bi Hyvärinen akanigonga goti kwa kata.

"Mjibu mwenzio. Mvuke unapoa."

Nikasema ni mbali. Ilitoka kama kikohozi. Nikasema tena, kwa nguvu. Ni mbali! Uzi wangu ni mfupi lakini ni mbali! Nalala upande wangu wa kitanda tu. Nanunua soseji mbili na kula zote mbili nikiwa nimesimama. Kila nikishuka huku ni kuliangalia taulo, kila siku, si baadhi ya siku, kila siku!

Kimya. Lakini hiki nilikijua. Hiki ni kile cha mtu anayetabasamu akitazama viatu vyake.

Akasema basi sawa. Kama ni mbali, atakuja. Kitu kisichokuwa mbali huwezi kukijia. Na taulo amelitoa kwa sababu limening'inia wiki tatu bila kufuliwa na linanuka kama mbwa wa bandarini. Atalifua. Ijumaa ijayo ni zamu yangu mimi kwenda Stockholm, nikalione limekauka. Ijumaa ya pili yake atalirudisha kwenye ndoano.

Nililia. Kwenye sauna haionekani. Bi Hyvärinen alisema inaonekana.

Tulikula soseji juu kwangu, na mkate mpya mweusi kutoka kwa mama yake, na hatukusema chochote. Alilala na saa mkononi. Niliisogeza mbele ikawa ya huku, polepole, asiamke. Kisha nikairudisha. Ilikuwa nzuri zaidi ilivyokuwa.

Jumapili, tarehe 17 Novemba

Ameondoka. Uwanja wa ndege, masanduku ya watu, yote yale. Tulilia kidogo mbele ya askari wa ukaguzi, kijana mmoja mpole aliyejifanya anasoma beji yake. Haikuwa mbaya. Ilikuwa mbali tu.

Ndege yake iliondoka mchana na kufika dakika ileile. Aliniandikia ametua wakati mimi ningali kwenye treni. Nikaegemea dirisha. Misitu ilikuwa inarudi nyuma, na ile saa, mahali fulani juu ya bahari, ilikuwa imempa mkono na kumpitisha.

Nimeapa sitachezea tena saa ya mtu. Nimeapa kwa sauti, nikidhani niko peke yangu ndani ya behewa. Mzee mmoja aliitikia kwa kichwa.

Jumatatu, tarehe 18 Novemba

Nimekutana na Bi Hyvärinen ngazini. Amenirudishia sahani. Imeoshwa. Akasema skonzi zilikuwa kavu kidogo, lakini alizichovya. Tukacheka. Nikadhani sasa ni marafiki.

Kisha akasema, akipanda, bila kugeuka, kwamba kwa kuwa Ijumaa hii nasafiri, zamu yangu itakaa bure, na zamu ikikaa bure si vizuri kwa mawe. Ameshazungumza na Mzee Pakarinen. Ijumaa atakaa saa mbili mfululizo. Kamati itaona jinsi mifupa yake itakavyopokea, kisha itafikiria.

Mkongwe yule! Benchi moja tulikalia! Mvuke mmoja!

Nikikosa mara moja, atatia mguu. Akitia mguu, hautoki. Joakim akija Ijumaa ya pili na taulo safi, ndoano itakuwa na kofia ya sufu.

Nimekaa maktabani mchana kutwa mbele ya tufe, na uzi wangu mwekundu. Nje theluji ya kwanza imeanza, ile nyembamba isiyofika chini. Nimeutazama uzi hadi ukawa mrefu, halafu ukawa mfupi, halafu ukawa hakuna. Na hapo, taratibu, nimeona kwamba jambo lenyewe ni rahisi mno.

Sauna yangu inakwisha saa mbili usiku. Kuna ndege ya saa mbili usiku. Inafika Stockholm saa mbili usiku. Nitatoka mvukeni huku na kuingia mikononi mwa Joakim kule, dakika ileile, nywele zikiwa bado mbichi. Nimeikagua ratiba mara tatu. Sioni pengo lolote.

Nimeshakata tiketi. Joakim nimemtumia picha, ili asiwe na wasiwasi.

Nimeikata vizuri.